TAARIFA YA TAWI: POMBE NA WATOTO WETU



Viroba vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, tukashangilia. Leo chupa ndogo za pombe kali zinaenea kwenye mfuko wa sare ya shule, na hapa Buigiri wanaowauzia watoto ni majirani zetu. Baadhi ni wanachama wenzetu. Tuseme wazi: ada ya mwanachama hainunui ukimya wa tawi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. "Katumwa na baba" si utetezi. Nasi wazazi tuache kuwatuma. Njiani ndiko wanakoonja.

Tunaomba haya:
1. Muuzaji, mrudishe mtoto hata kama ana hela mkononi.
2. Mzazi, kainunue mwenyewe.
3. Ukiona bangi inauzwa, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, au piga 119 bure, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kikao kijacho tutaanza na ajenda hii. Wenye maduka na vilabu, mfike bila kukosa.

Katibu wa Tawi
Buigiri