Kukiacha Kitabu Si Kuacha Kusoma

Katika nyumba nyingi za watumishi wa umma na walimu hakikosekani kitabu kimoja ambacho kipande cha karatasi kilichotiwa kati ya kurasa zake hakijasogea kwa miezi mingi. Mwenyewe alikianza kwa ari. Alipofika ukurasa wa 40 alipunguza mwendo. Alipofika wa 60 akasimama. Tangu hapo hakisomi, hakirudishi kabatini, wala hajachukua kingine. Akiulizwa anasoma kitabu gani siku hizi, hukitaja hicho hicho.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha, kuandika, kushauri na kuamua, mwaka mzima uliopita bila kitabu ni hasara yake mwenyewe na hasara ya wale anaowatumikia. Tena mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni haya kuliko uvivu. Mtu huona aibu kukubali kwamba kitabu kimemshinda, na kwa kuwa hataki kukubali, hubaki mateka wa kitabu hicho.

Haya hiyo ina asili yake. Shuleni kitabu huja pamoja na mtihani. Mwanafunzi wa sekondari hana hiari juu ya riwaya na tamthilia zilizoteuliwa. Apende asipende, atazisoma hadi mwisho, kwa kuwa ataulizwa habari za wahusika, maudhui na fani. Utaratibu huo una maana yake, kwani elimu ya darasani haiwezi kwenda bila mambo ambayo wanafunzi wote wameyasoma. Kosa huanza pale mtu mzima anapotoka shuleni na kuubeba utaratibu huo maishani mwake mwote, akidhani kwamba kila kitabu ni cha mtihani na kwamba asiyekimaliza ameanguka.

Yafaa jambo hili lipigiwe hesabu. Mtumishi anayesoma kurasa 10 kila siku, kazi ya nusu saa hivi kabla ya kulala, humaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 20. Kwa mwaka atakuwa amesoma vitabu 18. Katika miaka 30 ya utumishi atakuwa amesoma vitabu zaidi ya 500. Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. La kwanza, mtu wa kawaida mwenye kazi na familia aweza kuwa msomaji mkubwa bila ya kuwa na muda wa ziada. La pili, mtu aliyekwama miezi sita kwa kitabu kimoja hakupoteza kitabu kimoja, amepoteza tisa. Naye anayejitetea kwamba amekwisha kutoa fedha zake akumbuke kuwa fedha iliyolipwa dukani hairudi kwa kuchoshwa na kurasa 140 zilizobaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Historia ya Tanzania ina fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya wananchi walikaa chini ya miti, madarasani na ofisini wakijifunza kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walikuwa wanajua kusoma. Walioisimamia kazi hiyo walitambua mapema kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau. Ndiyo sababu vitabu vya kwanza vya kujifunzia, vilivyoeleza kilimo cha pamba, migomba na ufugaji wa ng'ombe, vilifuatwa na maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, likiwamo lile lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Jina hilo lilitosha kuwa somo. Kusoma hudumu kwa mazoea wala hakulindwi na cheti. Ukweli huo uliomhusu mkulima wa pamba unamhusu vile vile mwenye shahada aliyeketi ofisini.

Hata hivyo, haifai mtu kuruka kutoka kwenye aibu na kuangukia kwenye wepesi. Wapo wanaofungua kitabu, wakakutana na neno gumu katika ukurasa wa tatu, wakakitupa na kurudi kwenye simu. Kwa hiyo ni lazima yatenganishwe mambo matatu ambayo kwa mbali hufanana: kukikimbia kitabu, kukiahirisha kitabu, na kukiacha kitabu.

Anayekikimbia kitabu huondoka kwa sababu kinamdai jasho. Labda msamiati ni mpana, naye hataki kuinuka kwenda kuifuata kamusi. Labda mwandishi anapinga fikra aliyoizoea, naye hataki kuisikia hoja ya upande wa pili. Hizo si sababu za kukiacha kitabu, bali ni sababu za kukiendelea. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, wakati akiwa na mzigo wa kuongoza nchi changa. Wengi wangesema kazi imekwisha. Yeye aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kitabu kinachostahili jasho hupewa jasho, hata mara ya pili. Bandu bandu huisha gogo.

Anayekiahirisha kitabu hutambua kuwa kitabu ni kizuri lakini wakati wake haujafika. Mfano wa karibu ni Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990. Ni kitabu chembamba kisichofika kurasa 100. Lakini msomaji aliyeizoea Rosa Mistika ya mwaka 1971, yenye kisa kinachokwenda moja kwa moja, hushangaa anapokutana na Nagona, ambamo njia za kawaida za kusimulia zimewekwa kando na maswali ya falsafa yameshika nafasi ya kisa. Kijana wa miaka 20 aweza kuifunga asielewe kitu. Mtu huyo huyo akiifungua akiwa na miaka 40, baada ya kuzika, kulea na kukata tamaa mara moja mbili, aweza kuikuta inazungumza naye. Kitabu cha namna hiyo kirudishwe kabatini kwa heshima, mahali kinapoonekana, na tarehe iandikwe kwenye kipande cha karatasi.

Anayekiacha kitabu, kwa maana halisi ya neno hilo, ni yule aliyekisikiliza kwa haki akaona hakina haja ya kusikilizwa zaidi. Huenda mwandishi anarudia jambo moja sura baada ya sura. Huenda anasema asiyoyajua. Huenda ni tafsiri iliyofanywa kwa haraka hata maana ikapotea. Huenda pia kitabu ni kizuri, lakini msomaji alikuwa anatafuta sura moja tu kuhusu udongo au uhasibu, naye amekwisha kuipata. Huyo hana la kujutia.

Swali linalobaki ni lile la kiasi: mtu akipe kitabu nafasi gani kabla ya kukihukumu? Kanuni moja yaweza kumfaa mtu yeyote. Kitabu kipewe sehemu moja kati ya tano. Chenye kurasa 200 kipewe 40, nazo zisomwe kwa utulivu, si wakati usingizi umekwisha kushika macho. Baada ya hapo, anayetaka kukiacha aandike sentensi moja inayoeleza kwa nini anakiacha. Sentensi hiyo ndiyo kipimo. Ikikishitaki kitabu kwa kosa linaloweza kuonyeshwa, kitabu kifungwe. Ikimshitaki msomaji mwenyewe, kwamba amechoka, kwamba hataki kutafuta maneno, kwamba amekasirishwa na ukweli, basi aendelee, au akiahirishe kwa kujua. Na asiyeweza kuiandika sentensi hiyo bado hajakisoma vya kutosha kukihukumu.

Yapo maandishi ambayo kanuni hiyo haiyagusi kabisa. Mtumishi hana hiari ya kuiacha njiani Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, wala Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, wala jalada la mwananchi lililoletwa mezani kwake, kwa kisingizio kwamba lugha yake inachosha. Mwalimu hana hiari ya kuuacha muhtasari wa somo katikati. Hayo ni maandishi ya wajibu, nayo husomwa hadi nukta ya mwisho, kwa sababu kurasa ambazo mtumishi hakuzisoma hulipiwa na mtu mwingine: mjane aliyecheleweshewa mafao, au mwanafunzi aliyekutana na mada mpya kwenye chumba cha mtihani. Uhuru wa msomaji ni wa saa zake mwenyewe.

Tena uhuru huo una mipaka hata nyumbani, endapo kitabu ni cha maktaba. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba nchini ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967, kwa msingi kwamba kitabu kimoja kiweze kuwafaa watu wengi. Kitabu cha maktaba kilicholala chini ya mto wa mtu asiyekisoma wala kukirudisha kimenyang'anywa msomaji mwingine. Aibu ya mtu mmoja inageuka kuwa njaa ya mwenzake. Kukirudisha kitabu kama hicho, hata kikiwa kimesomwa robo tu, ni tendo la uadilifu.

Katika mambo haya walimu wana kazi kubwa kupita wengine. Mwaka 1992 mwandishi Daniel Pennac wa Ufaransa, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, alitoa kitabu kilichoorodhesha haki kumi za msomaji, na mojawapo ni haki ya kutokimaliza kitabu. Si lazima kila mwalimu akubaliane naye katika yote kumi. Lakini ni vema afikiri juu ya hiyo moja. Vitabu vya mtaala na visomwe vyote, na kwa bidii. Vile vya maktaba ya shule viwe na utaratibu wa namna nyingine. Mtoto anayerudisha kitabu kabla hajakimaliza asichapwe wala asichekwe. Aulizwe sababu, aieleze mbele ya wenzake, kisha apewe kingine saa ile ile. Mtoto anayeweza kusimama na kusema kitabu hiki hakinifai kwa sababu hii na hii, amekwisha kuanza kazi ya uhakiki. Mtoto anayeadhibiwa kwa kutomaliza hujifunza jambo moja tu: kutoazima tena.

Watakuwapo watakaosema kwamba mafundisho haya yatalea kizazi kisicho na uvumilivu, na watakumbusha kuwa mvumilivu hula mbivu. Hofu yao ina haki, kwani zama hizi mambo ya kumvuta mtu mbali na kitabu ni mengi. Lakini mvumilivu wa methali hungoja tunda linaloiva. Anayekaa chini ya mti mkavu msimu baada ya msimu, huku miti mingine ikidondosha matunda hatua chache kutoka hapo, hana sifa ya kudai. Aidha, ruhusa ya kukiacha kitabu ina sharti lisilosameheka: anayekifunga kimoja afungue kingine siku hiyo hiyo. Bila sharti hilo, ruhusa ni kisingizio.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika haketi nje ya kiwanda mwaka mzima akilitazama, wala hajidai mbele ya wapita njia kwamba bado linashika chuma. Hutafuta jingine, akavukuta moto, akaendelea na kazi. Kipande kile cha karatasi kilichosimama kwenye ukurasa wa 60 na kisogezwe leo, ama mbele katika kitabu hicho, ama katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kingine.