Wale Wanaosoma Ngozi za Watu

Wakristu wenzetu, yako maneno yaliyozidi katika parokia zetu za Kivu na Tanganyika, nasi hatuwezi kuyanyamazia tena. Husemwa nje ya kanisa baada ya Misa, husemwa sokoni, husemwa hata katika mkutano wa shirika mbele ya msalaba na mshumaa: “Huyu ana chanjo. Tazama kifua chake. Mtu wa namna hii si mwenzetu.” Aliyesema hayo hakumwuliza mtu jina lake wala alikotoka. Aliona chale tatu chini ya shingo, zikamtosha. Amekwisha soma, amekwisha hukumu, amekwenda zake kula.

Twasema waziwazi: huyo hajui kusoma.

Wengi wanaosemwa hivyo ni vijana waliorudi kutoka porini. Wengine walikamatwa na vikundi vya Mai-Mai, wengine walikwenda wenyewe kwa sababu kijiji kiliungua na shule ilifungwa. Huko walichanjwa. Kazi yenyewe twaijua, maana waliorudi wameisimulia. Mganga huchukua wembe, na wembe mmoja waweza kupita kwa watu kumi. Hukata ngozi ya kifua, ya mikono, pengine ya paji la uso, akapaka dawa yake ndani ya damu. Kisha hutoa miiko: usile hiki, usishike kile, usiguse mwanamke, usimpe mkono asiyechanjwa. Ukiishika miiko yote, risasi itageuka kuwa maji. Na mtu akipigwa risasi akafa, mganga hana hasara yoyote: marehemu alivunja mwiko! Hakuna duka katika mji mzima linalofanya biashara salama kama hiyo. Wala si jambo jipya. Mwaka 1964 Simba walichanjwa vilevile, wakaenda mbele ya bunduki wakipaza sauti “Mai Mulele!”, na wazee waliowazika wanajua maji yale yalikuwa maji gani.

Basi mtu asije akasema kwamba gazeti la misioni linasifu chanjo. Mganga anayewauzia watoto kinga ya uongo ni mwongo, na damu yao itaulizwa mikononi mwake. Lakini tazameni vizuri: tunasema habari ya mganga. Mtoto wa miaka 12 aliyepangwa mstarini mbele ya watu wazima wenye silaha, je, ni yeye aliyeshika wembe? Angekataa, angekwenda wapi? Chale ile yasema kweli neno moja tu: siku fulani, mkono fulani ulikata mwili huu. Kama mwenye mwili alikubali, kama aliamini, kama hata leo anaamini au anajuta usiku akilia, hayo hayakuandikwa pale. Mwenye kuyataka sherti amwulize mwenyewe, tena kwa upole, tena kama ana haki ya kuuliza.

Watu wa Ulaya wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Katika kambi ya Auschwitz, wakati wa vita kuu ya pili, Wanazi waliwachora wafungwa namba katika mkono kwa sindano na wino. Waliopona walitembea na namba hiyo mpaka kufa. Ni nani leo angethubutu kumwambia mzee mwenye namba hiyo: “Mkono wako waonyesha u mtu mbaya”? Namba inawashitaki walioiandika. Vivyo hivyo wanawake Waarmeni, Wakristu, waliotekwa katika mauaji yaliyoanza mwaka 1915: wengi walichorwa alama za buluu usoni na mikononi na wale waliowateka. Waliporudi kwa watu wao walizificha kwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa yao.

Twajua binti mmoja, wala hatutataja parokia yake. Alitoka porini, akaingia katekumenato, na sala anazijua kuliko wengi wanaomcheka. Siku moja mtoni, wakifua nguo, mama mmoja wa kwaya aliona chale za kifua chake. Ikawa imekwisha. Tangu siku hiyo jina lake ni “bibi ya Mai-Mai”. Familia ya kijana aliyetaka kumposa ikarudi nyuma, na mahari iliyokwisha anza kusemwa haikusemwa tena. Sasa hufunga kitenge mpaka shingoni, hata wakati wa jua kali. Na yule mama wa kwaya bado anaimba Jumapili, sauti nzuri sana.

Mwezi wa Machi 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga, mkubwa wa jeshi katika Ituri, kwa kosa la kuwaandika askari watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia vitani. Waamuzi wale, ambao si wote Wakristu, waliona kosa ni la mkubwa aliyewaandika watoto. Sisi tulio na Injili tunamwacha mkubwa na kumkamata mtoto.

Tena kuna wale wanaochanganya kila chale pamoja. Kwao chale ya bibi kizee na chanjo ya porini na mchoro wa kijana wa mjini ni kitu kimoja: ushenzi. Hao wangefanya vema kuketi kidogo na wazee. Kwa Watabwa wa Marungu, neno kulemba lilikuwa neno la kuchanja chale mwilini, na ndilo neno walilolitumia kwa kuandika wakati barua na vitabu vilipofika. Basi kwao chale ilikuwa maandiko. Waluba waliita chale zao ntapo, na mwanamke aliyechanjwa tumboni na kiunoni alihesabiwa kuwa mzuri na amekamilika. Yalikuwa mambo ya ukoo, ya ndoa, ya uzuri na ya ustahimilivu. Ndani yake kulikuwa pia na mambo ya mizimu, hatukatai. Kila desturi ya wazee ilikuwa na upande huo, hata kilimo. Lakini mtu asiyejua alfabeti ya watu fulani, asiseme barua yao ni matusi.

Ni katika nchi hiyo ya Marungu alikozaliwa Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba, mwaka 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Aliandika habari za fikira za watu wake tangu mwaka 1910, tena kwa Kifaransa, ili Wazungu wasome. Alitaka wajue kwamba mtu wa kwao ana akili na moyo ndani yake. Wazungu wa utawala wao walizoea kutazama nyuso na kuhesabu chale ili wajue huyu ni wa kabila gani na afanye kazi gani. Wengi waliziita ushenzi. Lakini viti na sanamu za Waluba zenye chale zilezile zilizochongwa mtini walizipakia melini, na leo zimewekwa ndani ya vioo katika jumba la Tervuren, na watu hulipa kuzitazama. Na wajukuu zao huko Ulaya wamejichora mikono mpaka vidoleni! Mtu aamue mwenyewe nani amemfundisha nani.

Sasa yuko anayeleta Biblia. Twamsikia: “Kitabu cha Walawi, sura ya 19, mstari wa 28, kinakataza chale na michoro mwilini.” Ni kweli, kinakataza, na chasema habari ya kujikatakata kwa ajili ya wafu, kama walivyofanya mataifa ya jirani. Lakini ndugu, usifunge kitabu upesi hivyo. Mstari wa 27 unakataza kukata pembe za ndevu, na wewe umefika Misani umenyolewa vizuri kabisa. Panda juu kidogo, mstari wa 16: huo unakataza kuzunguka katika watu ukichukua masingizio. Huo nao umo katika sura ileile. Mbona hatujakusikia ukiusoma katika shirika?

Na tukiwa bado katika Biblia, tumkumbuke Kaini. Wengi husema “alama ya Kaini” kana kwamba ni chapa ya laana ili watu wamjue na kumkimbia. Rudini mkasome Mwanzo, sura ya 4, mstari wa 15. Mungu alimwekea alama ili mtu yeyote atakayemwona asimwue. Kaini alikuwa mwuaji kweli, si wa kusingiziwa, na alama ile ilikuwa ulinzi wake. Na Mtume Paulo awaandikia Wagalatia, mwishoni mwa barua, kwamba mwilini mwake anachukua alama za Yezu. Ni makovu ya fimbo na mawe. Angepita leo katika mitaa yetu bila shati, tungesema nini juu yake?

Kanisa halikuogopa ngozi iliyoandikwa. Wakristu wa Misri, Wakopti, huchora msalaba katika kifundo cha mkono wa kuume, wengi tangu utoto, nao wanajua kwamba siku ya mateso hautafichika. Wakatoliki wa Bosnia, walipotawaliwa na Waturuki, walichora misalaba mikononi mwa wanawake na watoto ili imani isifutike hata wakichukuliwa. Wanawake wa Etiopia na Eritrea wana msalaba katika paji la uso. Mwezi wa Machi 2018, vijana walipokutana Roma, Marehemu Papa Fransisko aliwakumbusha hao wa Eritrea, akamwambia mseminari mmoja asiogope michoro ya vijana: padri aanzie hapo kuzungumza nao. Aanzie mazungumzo, Baba Mtakatifu alisema. Hakusema aanzie hukumu.

Lakini tusijifiche nyuma ya Wakopti. Msalaba si chanjo ya mganga, na twajua tofauti. Aliyekwenda kwa mganga kwa hiari yake, mtu mzima, akalipa mbuzi au dola, akakatwa ili apate mali, au mpenzi, au cheo, huyo ametenda dhambi dhidi ya amri ya kwanza, naye sherti aende Kitubio. Na hapa twaomba ruhusa ya kusema neno lisilopendeza. Watu wa namna hiyo hawako porini tu. Wako viti vya mbele. Wanavaa koti na tai, na chale zao ziko mahali ambapo shati haifunguki. Wako akina mama wanaowacheka vijana wa porini, na huku usiku, mtoto akipata homa, wanampeleka kwa bibi fulani akachanjwe kifuani, kisha asubuhi wanampeleka dispensari, na akipona wanamshukuru bibi. Kama ngozi ingekuwa cheti cha imani, tungevuana nguo sote mlangoni mwa kanisa, na sijui nani angebaki wa kuongoza kwaya.

Tabia hii ya kusoma ngozi si maneno ya barza tu. Inaua. Waliopita barieri wakati wa vita wanajua: askari wa upande huu humvua kijana shati na kutafuta chale, akizipata amepata adui, wa upande wa pili huzitafuta pia, na asiyekuwa nazo ndiye adui. Kijana aliyekwisha acha bunduki, aliyeketi shuleni miaka mitatu, anauawa kwa kovu. Mkristu anayemnyoshea kidole mtaani na kusema “huyu ana chanjo” anamsaidia nani? Neno lile litafika mpaka barieri bila yeye kulipeleka.

Sista Anuarite aliuawa na Simba huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964. Tarehe 15 Agosti 1985, Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, na katika mahubiri yaleyale alisema kwa jina la Kanisa zima kwamba anamsamehe yule aliyemwua. Kanisa likimsamehe mwuaji aliyejulikana kwa jina, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumnyima nafasi benchini mtoto aliyechanjwa kwa nguvu na ambaye hatujui kama aliua hata kuku?

Padri anapompaka mkatekumeni mafuta matakatifu, humpaka kifuani, mahali palepale wembe ulipopita. Katika Kipaimara, Krisma huwekwa katika paji la uso. Mafuta hayakwepi kovu. Basi twawaomba maparoko, makatekista na wakubwa wa mashirika jambo moja dogo lenye kufanyika. Tumesikia kwamba mahali pengine, katika daftari la wakatekumeni, mtu ameandika kwa kalamu pembeni ya majina kadhaa: “ana chanjo”. Maneno hayo yafutwe kabla ya Kwaresima, na aliyeyaandika afute kwa mkono wake mwenyewe.