Ndege za umeme zije zikute mafundi wetu tayari



Nami natoa maoni yangu juu ya ndege zinazobadilishwa ili ziruke kwa mafuta na umeme kwa pamoja. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichomezwa na mji, huko pembezoni mwa Temeke, angehangaikia madawati kwanza. Madawati nayahangaikia. Lakini na hili linatuhusu.

Tarehe 18 Novemba 2022, huko California, Marekani, kampuni ya Ampaire ilirusha ndege aina ya Cessna Caravan iliyobadilishwa, ikawa na injini ya mafuta na mota ya umeme zinazosaidiana. Kabla ya hapo, tarehe 28 Mei 2020, Caravan nyingine iliruka kwa umeme mtupu kwa dakika 30 katika jimbo la Washington. Caravan si ngeni kwetu. Ni ile ndege ndogo ya injini moja, yenye bawa juu ya madirisha, inayopeleka abiria Unguja, Mafia na kwenye mbuga za wanyama. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama dakika 20 tu angani. Kwa kuwa betri haziwezi kwenda mbali, safari fupi kama hizi ndizo zinazofaa zaidi kwa ndege za namna hiyo.

Faida kwa nchi iko wazi. Mafuta ya ndege tunayaagiza nje kwa fedha za kigeni, lakini umeme tunauzalisha wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115.

Hata hivyo, ndege si daladala. Hapa Dar es Salaam tumezoea kuona magari ya petroli yakifungwa mitungi ili yatumie gesi asilia, pale DIT na katika karakana nyingine. Mwenye gari anajua anachopoteza: buti lote linachukuliwa na mtungi. Kwenye ndege hasara ya namna hiyo ni kubwa zaidi, na inaanzia kwenye bawa.

Wengi hatujui kwamba mafuta ya ndege nyingi hukaa ndani ya mabawa. Ndege ikiwa angani, hewa huyasukuma mabawa juu, na uzito wa mafuta yaliyomo huyavuta chini, hivyo bawa halipindwi sana pale linaposhikana na mwili wa ndege. Ukiyapunguza mafuta hayo na kuweka betri tumboni, shina la bawa linabeba mzigo mwingine kabisa. Tena, kilo moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri za sasa. Mota ya umeme haipotezi nishati nyingi kama injini, lakini pengo hilo haizibi. Na mafuta hupungua kadiri ndege inavyokwenda, ila betri hutua na uzito ule ule ilioruka nao. Kwa hiyo bawa na magurudumu lazima yapigiwe hesabu upya, na ikibidi yaimarishwe. Ukitaka kufunga mota kwenye bawa lenyewe, unaongeza nyaya za umeme mkali na joto lake.

Hata wenye fedha nyingi wamekwama hapo. Shirika la NASA la Marekani lilichukua ndege ndogo ya Kitaliano, Tecnam, likakusudia kuivua bawa lake na kuivika bawa jembamba lenye mota 14: 12 ndogo za kusaidia kuruka na kutua, na mbili kubwa kwenye ncha. Mwaka 2015 walilifunga bawa la majaribio juu ya lori na kulikimbiza kwenye ziwa lililokauka. Ndege yenyewe, iliyopewa jina la X-57 mwaka 2016, haikuruka hata mara moja. Juni 2023 walitangaza kuufunga mradi huo baada ya kuona hatari katika mitambo ya kuiendesha. Naona walifanya vema kusimama, kwa sababu roho ya rubani si ya kujaribia.

Sasa swali langu kwa wahusika ni hili: ndege hizo zikishathibitishwa na kuletwa nchini, nani atakayezishika? Ikiwa kila betri ikipata hitilafu tutasubiri fundi ashuke kutoka ng'ambo, basi fedha tulizookoa kwenye mafuta zitaishia kwenye nauli yake.

Vijana hatukosi. Nenda Temeke, nenda Tandale na Mwananyamala, utawakuta wanasuka upya mota za pampu na za mashine za kusaga zilizoungua. Wengi wao ni wanafunzi wetu walioishia darasa la saba. Mikono wanayo. Wanachokosa ni hesabu, vyeti, na ile nidhamu ya kazi ya ndege ambako hata skrubu moja huandikwa nani ameikaza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ambacho tayari kinafundisha mafundi wa ndege, kishirikiane na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili umeme mkali wa ndege na betri zake viwe somo kamili, na ifunguliwe njia ya kuwapokea vijana wa karakana watakaofaulu majaribio. Pili, mkataba wowote wa kununua au kubadili ndege uwe na sharti la kuwafundisha Watanzania kazi yenyewe, si kuwaonyesha tu. Tatu, shule za msingi zipatiwe betri, nyaya, balbu na vimota vidogo. Mtoto anayechora betri ubaoni miaka saba bila kuishika hawezi kuwa fundi kwa miujiza. Somo la bawa halina gharama: kata ukanda wa karatasi, ushike mbele ya mdomo, upulize juu yake, nao utanyanyuka. Somo la umeme linataka vifaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliye darasa la tatu leo atakuwa na umri wa kushika spana ndege hizo zitakapozoeleka. Wahusika walitazame jambo hili mapema.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Temeke, Dar es Salaam.