Profesa wa Wadudu wa Mtoni

Katika shule nyingi mdudu wa majini hutajwa kwa sababu moja tu, nayo ni maradhi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kiluwiluwi ni mtoto wa mbu, na kwamba usubi huzaliana katika maji yaendayo kasi na kueneza upofu. Kisha ukurasa hufunuliwa. Elimu hiyo ni ya lazima, lakini ni nusu ya elimu. Anayetaka kuiona nusu ya pili hana mfano bora kuliko kazi ya Profesa H. B. Noel Hynes (1917–2009).

Hynes alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Devizes. Utafiti alioutoa mwaka 1941 ulihusu tunutu wa Plekoptera wa Uingereza, wadudu ambao Kiswahili hakijawapa jina maalumu. Tunutu wa Plekoptera huishi chini ya mawe ya mtoni, ana mikia miwili, na hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni haba. Vita Kuu ya Pili ilimtoa Hynes kwenye vijito hivyo ikampeleka kupambana na tunutu wa aina nyingine kabisa, yaani wa nzige, katika nchi za Ethiopia, Kenya na Somalia. Hata hivyo hakuwasahau wadudu wake wa kwanza: mwaka 1952 alichapisha uchambuzi wa jamii ya Neoperla, ambao ndio Plekoptera wa mito ya Afrika ya Mashariki.

Wapo watakaouliza faida ya kuhesabu mikia ya wadudu. Jibu lilitoka mwaka 1960, Hynes alipokuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Liverpool, katika kitabu chake juu ya biolojia ya maji yaliyochafuliwa. Mkemia achotapo chupa ya maji hupima maji ya saa ile tu. Kiwanda kikimwaga taka usiku, asubuhi maji yaweza kuonekana safi. Lakini tunutu aliyekaa chini ya jiwe kwa majuma mengi hana pa kujificha. Maji taka yakizidi, vijidudu viozeshavyo hutumia oksijeni. Plekoptera hutoweka mapema, wengine wenye kuhitaji hewa nyingi hufuata, na mwishoni husalia minyoo ya matopeni na mabuu mekundu, ambayo wekundu wao ni wa hemoglobini iwasaidiayo kuishi penye oksijeni kidogo. Asiyewajua wadudu hawa kwa majina hawezi kuusoma ushahidi huo.

Mwaka 1964 Hynes alihamia Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na mwaka 1970 akatoa kitabu kikubwa juu ya ikolojia ya maji yatiririkayo. Mwaka uliofuata, yeye na Kaushik walieleza yanayolipata jani linaloanguka mtoni. Jani bichi lililodondoka si chakula kizuri. Kuvu wakishaliingia, kiasi cha protini ndani yake huongezeka, na hapo wadudu hulila. Kwa hiyo mlo wa kijito huota nchi kavu. Katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1975, Hynes alifikia hoja ambayo bado ina makali: bonde ndilo linalotawala kijito chake kwa kila jambo, kuanzia udongo na miti hadi chumvi zilizomo majini.

Hoja hiyo yagusa mashamba ya watu. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema, ingawa mara nyingi huvunjwa. Lakini kwa kipimo cha Hynes mita 60 ni kidogo. Mlima uliovuliwa miti juu ya bonde utaupeleka udongo wake mtoni, mvua ikinyesha, bila kujali mita zilizopimwa kule chini.

Wala haifai kusema kwamba wadudu wote walindwe kwa gharama yoyote. Kenya ilimtokomeza Simulium neavei, usubi ambaye mabuu yake hujishikiza kwa kaa wa mtoni, kwa kutia DDT mitoni. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1958, na hakuna mtu mwenye akili awezaye kuombea upofu urudi. Lakini DDT haikuchagua. Mwaka 1962, mwaka uleule Rachel Carson alipotoa kitabu chake mashuhuri, Hynes na Williams walichapisha uchunguzi wa athari za dawa hiyo kwa viumbe wa kijito kimoja cha Afrika ya Kati. Uchunguzi wa namna hiyo hudai mtu aliyewajua wakazi wa kijito kabla ya dawa kumwagwa, na watu hao ni wachache.

Leo Tanzania inayo njia yake ya kupima afya ya mito kwa wadudu na wanyama wadogo wengine wasio na uti wa mgongo, TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015 kwa kufuata mfano wa Afrika ya Kusini. Vifaa vyake si vya anasa: wavu, sinia jeupe, na macho yaliyofunzwa. Wavu fundi cherehani aweza kuushona kwa kitambaa cha chandarua. Macho hayashonwi, hufunzwa darasani na kijitoni, na mwalimu wa biolojia anayewapeleka wanafunzi wake kugeuza mawe mara moja kila muhula, kabla ya mvua na baada yake, akatunza hesabu katika daftari moja, baada ya miaka mitano atakuwa na kumbukumbu za mto ambazo huenda ofisi ya bonde lake haina.