Kamera Gani Ingeokoa Ile Kazi?

Wacha niseme mapema ndio wenye watakasirika wakasirike mapema: mwaka huu nimenunua DSLR. Tena mtumba. Sikudanganywa dukani. Nilikaa na kamera isiyo na kioo, hizi tunaita mirolesi, wikendi tatu nzima. Nikaipenda, halafu nikairudisha kwa mwenye kuikodisha.

Wasee wangu wamenicheka hadi wakachoka. Mmoja ameniambia ni kama kununua kabambe wakati kila mtu ana simu janja. Sawa. Lakini yeye hakuwa na pesa yenye nilikuwa nayo mfukoni, na hajui ilitoka wapi.

Nilikuwa na elfu 80. Elfu 45 ilikuwa jasho langu la mwaka mmoja: besidei, ruracio, picha za menyu za vibanda vya chipsi. Elfu 35 ilikuwa ya Mama. Zamu yake ya kupokea kwa chama ilikuwa imefika, na nilijua vizuri hiyo pesa alikuwa amepangia nini. Alitaka nilipe deni la karo nirudi chuo. Nilipomwambia sirudi, na kwamba nataka kamera, alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hii ni pesa ya shule. Ukiichukua, basi hiyo kamera ndiyo shule yako. Na matokeo nitauliza."

Sasa wewe enda Moi Avenue na hayo maneno kichwani, uone kama utanunua kitu kwa sababu kinang'aa.

Kwa wenye hawajui tofauti, ni hivi. Ndani ya DSLR kuna kioo. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda juu hadi kwa jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinainuka, shata inafunguka, sensa inapata picha. Hiyo ndiyo "kachak" yenye unasikia. Mirolesi haina hicho kioo. Sensa inaona mwanga wakati wote, kwa hivyo unachungulia kiskrini kidogo chenye kinakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujapiga. Ikiwa giza sana, unaona giza. Na kwa sababu sensa iko macho kila saa, kamera inaweza kushika jicho la mtu na kumfuata akitembea.

Na nisiwadanganye, vita vimeisha. DSLR za mwisho za Canon na Nikon zilitoka 2020. Tangu hapo nguvu yao yote iko kwa mirolesi. Kama unauliza kesho ni ya nani, jibu unalo. Shida ni kwamba kodi ya nyumba hainiulizi kesho ni ya nani. Inaniuliza tarehe 5.

Kwa hivyo nilijiuliza swali moja tu, na nataka ulibebe: ni kazi gani nimeshawahi kupoteza kwa sababu ya kamera yangu? Si kazi ya kuota. Kazi yenye mteja alikuwa na jina na pesa ilikuwa na kiasi.

Mimi nilikuwa na moja. Kamera yangu ya zamani ilikuwa Canon 700D, modeli ya 2013. Kwa picha za kawaida ilinilea vizuri. Siku moja dada anayeuza nguo mtandaoni aliniita nimpigie video: anatembea kuja kwa kamera, anageuka, anaonyesha gauni. Gauni sita, elfu 12. Kila alipokaribia, fokasi ya 700D ilianza kutafuta njia kama mtu amepotea Githurai usiku. Inaenda mbele, inarudi nyuma, inashika ukuta. Kwa kile kiskrini kidogo sikuona. Yeye aliona kwa simu yake kesho yake. Akaniuliza kwa upole, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, "Sasa mbona mimi nimetoka ukungu na ukuta umetoka poa?" Hakulipa. Na alikuwa sahihi.

Basi swali likawa: kamera gani ya bei ya chini kabisa ingeokoa ile kazi?

Duka la kwanza nilionyeshwa Canon R50 mpya na lenzi yake ndogo, elfu 98. Muuzaji akaniambia, "Mkubwa, DSLR ni za wazee." Ingeokoa kazi? Ndiyo, bila jasho. Lakini ningekuwa na deni la elfu 18 na sina hata maiki. Duka la pili kulikuwa na Canon 80D ya mtumba, elfu 46. Hii ni DSLR ya 2016, lakini ukiwasha skrini yake inatumia mfumo wa fokasi wenye unamfuata mtu kwa video kwa utulivu. Skrini inageuka, ina tundu la maiki na la hedifoni. Nilimwomba muuzaji mwenyewe atembee kuja kwangu mara tano. Ilimshika mara tano.

Elfu 28 nikaweka kwa lenzi ya 24-105, mtumba pia. Elfu 4 maiki ya kubana kwa shati. Jumla elfu 78. Zikabaki elfu 2 za kukula na matatu.

Hiyo lenzi ndiyo siri ya hii hesabu. Lenzi za EF za Canon zimetengenezwa tangu 1987, na ukiweka adapta yake zinafanya kazi kwa mirolesi za Canon. Siku nikibadilisha mwili wa kamera, lenzi nabaki nayo. Mwili wa kamera unazeeka haraka kama simu. Lenzi nzuri inazeeka polepole.

Sasa wacha niseme chenye nimekosa, juu sipendi wasee wa kusifu kila kitu wamenunua. Wikendi moja kati ya zile tatu nilipiga ibada ya mazishi na ile mirolesi ya kukodi. Kimya kabisa. Hakuna mtu aligeuka. Mwezi uliofuata nilikuwa kwa mazishi mengine na 80D, na hata nikiiweka ile hali ya kupunguza sauti, kila nikibonyeza mjane alikuwa anasikia. Nilipiga chache, nikaweka kamera chini. Hiyo siku nilijua nimenunua nini na sijanunua nini. Pia 80D haina video ya 4K. Mteja akitaka hiyo, naweka bei ya kukodisha kamera ndani ya bei yangu, na namwambia mapema.

Kwa hivyo msinisome vibaya. Kama kazi yako ni video siku tano kwa wiki, ama unapiga michezo, makanisa na mazishi, nunua mirolesi ukiweza bila kukopa. Hata ile hadithi ya betri imepitwa kidogo: 80D imepimwa kama picha 960 kwa chaji moja, na Sony A7 III ya 2018 ni karibu 610 ukichungulia kwa kiskrini chake. Beba betri mbili, maisha yaendelee. Lakini kama hauna hata kazi moja yenye kamera yako imekunyima, wewe hauhitaji mwili mpya wa aina yoyote. Nunua lenzi. Nunua taa. Ama lala na pesa yako.

Na ukienda kununua mtumba, usinunue kwa huruma. Uliza shata imepiga mara ngapi. Ya 80D imekadiriwa mara 100,000, kwa hivyo ukipata iko 95,000, bei ishuke ama uondoke. Piga ukuta mweupe ukiwa f/16, uangalie kama kuna madoa. Chomeka memori kadi yako, betri yao, maiki yako. Rekodi video dakika kumi ukiwa hapo hapo dukani. Akikwambia una haraka gani, muulize yeye ana haraka gani.

Yule dada wa nguo nilimpigia simu baada ya wiki mbili. Nikamwambia narudi kuzipiga zile gauni sita bure. Alikubali kwa mashaka. Safari hii alitoka yeye, ukuta ukatoka ukungu. Tangu hapo ameniita mara nne, na hizo nne amelipa.

Mama nimemrudishia elfu 20. Bado elfu 15. Jumapili iliyopita aliangalia video za zile gauni kwa simu yangu, akarudia moja mara mbili. Hakusema ni nzuri. Aliuliza, "Hii ni ya mtihani gani, wa kwanza ama wa mwisho?"

Nikamwambia wa kwanza.