Kabati la greveleya na vumbi letu



Mwezi wa saba, masomo yakiwa yamefungwa, mama mmoja wa kikundi chetu aliniita nikaone kabati alilomtengenezea binti yake anayeolewa. Likelemba yake ya miezi mingi ilikuwa imeishia humo. Alishika mkono wangu akaupitisha juu ya mlango: ulikwaruza kama ulimi wa paka. Verni ilikuwa imepakwa mchana, kando ya barabara, pikipiki zikipita, na vumbi letu jeusi la volkano lilikuwa limeganda ndani yake. Zilibaki siku tano tu vyombo vipelekwe kwa wakwe.

Fundi alikuwa na dawa yake: apake juu rangi nzito ya kahawia, kabati lifanane na libuyu, na vumbi lisionekane tena. Hapo tulibishana. Mbao zilikuwa za greveleya, mti uliotoka Australia, ambao leo wakulima wa Masisi na Rutshuru wanaupanda mashambani mwao. Watu wanaudharau. Lakini ubao wake ukipasuliwa kuelekea moyo wa mti, unatoa madoa yanayometameta kama ubavu wa sambaza juani. Ukiweka rangi nzito juu, umeyazika. Mama mwenyewe aliogopa wakwe waseme ameleta mbao za bei ndogo. Nilimlowanishia kitambaa, nikafuta upande wa ndani wa mlango ambao haujapakwa kitu. Madoa yalijitokeza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi, tuache yaonekane.»

Tulisugua yote upya. Karatasi ya kusugulia ina namba nyuma: tulianza na 120 mpaka verni chafu ikaisha, kisha 180, mwisho 220. Usiruke namba, na usugue kwa kufuata urefu wa nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukata nyuzi, mikwaruzo haionekani mbao zikiwa kavu, lakini verni isiyo na rangi itaionyesha yote. Ndiyo sababu tunafuta kwanza kwa kitambaa chenye maji kidogo: kosa linaonekana mapema, na manyoya ya mbao yanasimama, yakikauka, unayapitia kwa wepesi. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, na vaa mikono mirefu, kwani unga wa greveleya unawasha ngozi ya watu wengine. Mimi nilijikuna siku mbili.

Kisha ikaja shida yenyewe ya Goma. Ukifungua madirisha, vumbi linaingia. Ukifunga, harufu ya verni na dilia inakuumiza kichwa, na katika nyumba zetu za mbao watoto wanalala hapo hapo. Tulichagua asubuhi na mapema, umande ukiisha kukauka na upepo haujaamka. Tulimwaga maji uani, bidoni nzima (najua maji tunayanunua, lakini hiyo haikupotea bure), tukapaka chini ya paa la nje, halafu tukafunika kwa chandarua kilichoinuliwa juu ya fito kisiguse mbao. Watoto walilala kwa shangazi yao.

Tulipaka mara tatu, mara moja kila asubuhi. Mara ya kwanza verni ilipunguzwa kwa dilia ili iingie ndani ya mbao. Mbili zilizofuata zilikuwa nyembamba. Wengi wetu tunadhani verni nzito ndiyo imara, kumbe inateremka kama machozi na inakawia kukauka. Kati ya mara moja na nyingine tulisugua polepole kwa namba 320, tukafuta unga wote.

Mbabula isiwe karibu, hata kama chai inangojewa. Dilia inatoa mvuke unaoshika moto kutoka mbali. Tena msiitie katika chupa ya maji ya kunywa! Mtoto akiinywa, msimtapishe; mkimbizeni kwenye kituo cha afya, na chupa mwende nayo. Wale wanaotumia mafuta ya kitani wajue kwamba vitambaa vyake vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Vilowanisheni, mvitandaze nje vikauke. Katika mitaa ya nyumba za mbao moto hauishii kwa mwenye kosa.

Jambo moja la kumwuliza fundi kabla ya kulipa: ni verni gani? Ile ya gomulaki, inayosuguliwa kwa kitambaa cha pamba, inang'aa vizuri na inakauka haraka, lakini sufuria ya moto au kikombe chenye maji chini kinaiachia duara jeupe. Inafaa kabati, haifai meza ya kulia. Ukitaka kujua uliyo nayo nyumbani, weka tone la alkoli mahali pasipoonekana. Ikinata, ni gomulaki.

Siku ya tano kabati lilipakiwa kwenye chukudu, limefungwa mablanketi mawili. Verni ilikuwa imekauka lakini haijakomaa, kwa hiyo tulimwagiza binti asiweke kitu kizito juu yake kwa majuma mawili. Nasikia mama mkwe aliweka redio siku ile ile.