Michoro ya watoto wa makao ni mali ya nani?

Suala la umiliki wa michoro ya watoto wanaolelewa mbali na familia zao halijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya ustawi wa jamii nchini. Temeke ndiko yaliko Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, na Kinondoni nako yapo makao ya taasisi za dini na ya watu binafsi. Wageni hufika na mchele, sabuni na kamera. Mtoto asiye na kingine cha kutoa akimzawadia mgeni mchoro wake, waweza kuvuka bahari bila jina lake.

Matokeo yake yalionekana Australia. Katika miaka ya 1940, watoto wa jamii ya Noongar waliotenganishwa na wazazi wao kwa nguvu ya serikali waliwekwa Carrolup, magharibi mwa nchi hiyo. Mwalimu Noel White, aliyefika mwaka 1946, aliwahimiza wachore, nao kwa chaki za rangi wakaichora nchi ya wazee wao: miti, machweo, kangaruu. Mwaka 1949 aliwatembelea Mwingereza Florence Rutter, akaikusanya michoro na kuionyesha Ulaya. Alipoishiwa fedha akaiuza kwa tajiri wa New York, Herbert Mayer, ambaye mwaka 1966 aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Colgate. Huko ilisahaulika stoo hadi mwaka 2004. Ilirejea Perth mwaka 2013.

Ikumbukwe kwamba Rutter hakuwa mwizi. Aliwapenda watoto wale. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo lenyewe, kwani wema wa mgeni haukuwazuia wachoraji kupoteza kazi zao.

Dar es Salaam nayo ina mfano wake, ingawa wa mtu mzima. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Msasani mwaka 1968, kazi zake zikanunuliwa na wageni pale Morogoro Stores, Oysterbay. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Wanafunzi wake waliiendeleza sanaa hiyo na hatimaye wakawa na chama cha ushirika. Mtoto wa makao hana chama.

Sheria anayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapokamilika, bila sharti la usajili, nayo humpa haki ya kutajwa jina. Kumpa mgeni karatasi si kumpa hakimiliki. Lakini haki hiyo itadaiwa vipi ikiwa hakuna aliyeandika nani alichora nini? Daftari moja katika kila makao, lenye jina la mtoto, tarehe, nakala ya mchoro na jina la aliyeuchukua, lisingeshinda uwezo wa ofisa ustawi wa jamii.

Revel Cooper, mmoja wa wachoraji wa Carrolup, alifariki dunia mwaka 1983, miaka 30 kabla ya michoro kurudi.